Ukumbi wa Sajenti, Ukumbi wa Sista

Mara ya kwanza kumwona binti wa jirani akipiga samasoti, nilikuwa nimeshika pasi ya makaa, na karibu niunguze shati la bwana.

Tulikaa Kileleshwa, katika vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja. Mume wangu alikuwa mpishi wake, nami nilifua na kupiga pasi. Kati yetu na boma la pili palikuwa na ua wa michongoma, uliokatwa vizuri upande wa barabarani na kusahauliwa upande wa nyuma. Hapo nyuma palikuwa na pengo, na hapo ndipo mimi na jirani yangu tulipopitishiana chumvi, makaa ya moto na maneno. Yeye alitoka Ukambani, mume wake alikuwa dereva. Sisi tulitoka Maragoli. Lugha zetu hazikukutana popote, kwa hiyo tulisema Kiswahili cha Nairobi, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao.

Siku hiyo memsahib wake, bibi wa Kizungu mwenye nyumba, alikuwa na wageni wa chai. Kupitia pengo nilimwona binti wa jirani, mtoto wa miaka kama tisa, amevaa kaptura nyeusi, amesimama peke yake katikati ya majani. Alikimbia hatua chache, akajirusha, miguu ikapita juu ya kichwa, akatua amesimama. Kisha akafanya tena, kinyumenyume. Wale Wazungu wakaweka vikombe chini wakapiga makofi. Memsahib akamwita, akampa kipande cha keki kwenye sahani ya wageni yenyewe, si kwenye sahani ya bati ya sisi watumishi. Na mama yake alikuwa amesimama kando ya jikoni, mikono kwenye aproni, anatazama chini kama mtu anayeona haya. Hakuwa anaona haya hata kidogo. Mimi nilimjua.

Binti yangu mkubwa, wa umri uleule, alikuwa nyuma yangu anachezesha mdogo wake kwenye mchanga. Nilimtazama. Magoti yana vumbi, tumbo mbele. Roho iliniuma ghafla, kama mtu amenifinya.

Jioni nilikwenda kwenye pengo kuomba chumvi, ingawa chumvi nilikuwa nayo.

"Mtoto yako amejifunza wapi ile kitu?" nikauliza, kama jambo la kupita tu.

"Ah, hiyo? Riruta, kwa misheni. Iko Sista moja Mzungu, anafundisha watoto kila Jumamosi. Mpaka mashindano wanaenda." Akacheka. "Leta wako, dada. Tutembee pamoja."

Angesema nisilete, ningeleta. Lakini alisema nilete, na alisema kwa ukarimu, na ule ukarimu ndio ulionichoma. Nikajiona natembea nyuma yake njia yote ya Riruta, na watu wakiuliza, yeye akisema: huyu nimemwonyesha mimi.

"Sisi si watu wa dini ile," nikamjibu.

"Hata sisi si wa dini ile. Sista hajaniuliza."

"Mume wangu hatakubali."

Mume wangu sikuwa nimemwuliza. Nilipomwuliza usiku ule, alikuwa anavua viatu. Alisema mtoto kuruka ni mtoto kuruka, Mungu hana neno. Nikamwambia natafuta mahali pazuri zaidi ya pale pa jirani.

"Umekwishapaona pa jirani?"

"Sijapaona."

"Basi umejuaje?"

Nikazima taa.

Jumamosi iliyofuata nilimaliza kupiga pasi mapema, nikawavalisha wasichana wangu wawili magauni ya kanisani, tukashuka kwa miguu mpaka Ngara. Nilikuwa nimesikia kwamba Wahindi wana ukumbi wao wa mazoezi, na kweli tuliukuta, orofa ya chini ya jengo la mawe, madirisha yenye vyuma. Tulisimama dirishani. Ndani palikuwa na magodoro mazito yaliyoshonwa turubai, vyuma viwili vimelala sambamba vinang'aa, na kamba zinazoning'inia kutoka darini. Watoto walivaa nguo nyeupe tupu. Ukutani palikuwa na viti, na mama zao walikaa hapo wamejifunika shali, wanakula njugu, hata hawatazami. Nilishangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa na kitu kama kile mbele yake na asikitazame.

Mwalimu alitoka mlangoni. Hakuwa mkali. Aliwatazama wasichana wangu, akatazama viatu vyao.

"Mama, hii ya watoto ya jamii yetu tu," akasema. "Kamati iko na sheria."

"Nitalipa kama wengine."

"Si pesa, mama. Sheria." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Pole."

Wasichana walikaa na uso kwenye vyuma vya dirisha mpaka nikawavuta. Yule mdogo aliuliza kama tutarudi kesho. Siku ile wivu wangu ulikuwa mkubwa kuliko michongoma ya Kileleshwa. Niliwaonea wivu wale mama wa viti, njugu zao, kamati yao, hata usingizi waliokuwa nao machoni. Lakini wivu wa namna ile haukupi la kufanya. Wale sikuweza kushindana nao. Jirani yangu niliweza. Kwa hiyo nilipokuwa napanda kilima kurudi, niliyekuwa nikimfikiria ni yeye.

Mtu wa kanisani kwetu alinielekeza ukumbi mwingine, ng'ambo ya mto kutoka Ngara, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mji. Jioni palikuwa na dansi, na mchana wa Jumamosi palikuwa na Sajenti. Alikuwa amerudi kutoka jeshini na kifua kama kabati. Vifaa vyake vilikuwa farasi wa mbao wa kurukia aliyetengenezwa na mafundi wa reli, chuma kimoja cha kuning'inia, na magunia yaliyojazwa nyasi kavu. Watoto walijipanga mistari mirefu, akipuliza filimbi wanaruka, akipuliza tena wanasimama. Niliyapenda yale mapigo. Niliona hii ni kazi ya kweli, si ya kula keki.

"Ning'inia," Sajenti akamwambia binti yangu mkubwa.

Aliruka akashika chuma, akaning'inia. Wengine waliopimwa siku hiyo walianguka mmoja mmoja. Yeye alibaki, ameuma mdomo, macho yamemtoka, mpaka Sajenti mwenyewe akamshika kiuno akamteremsha.

"Mikono anayo," akaniambia. "Mgongo ni mgumu kama mlango. Lakini tutaukunja, mama. Tutaukunja tu."

Mdogo alianguka mara moja, akalia, akakataa kurudi. Basi tukaanza na mmoja.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa natembea naye kila Jumamosi, barua ya bwana ya kuonyesha nina kazi mfukoni kwa sababu ya askari wa barabarani, chupa ya uji mkononi. Njia ile ilikuwa ndefu mara mbili ya njia ya Riruta, nami niliona fahari kwa urefu wake. Jirani yangu alikuwa akituona tunateremka mashariki wakati yeye anapanda magharibi. Aliinua mkono. Nami niliinua wangu, juu zaidi.

Ikawa kila jioni, baada ya kazi, macho yangu yako penye pengo. Nilimpima binti yake kama mtu anavyopima kitambaa. Leo amesimama kwa mikono. Leo amenyoosha miguu mpaka imelala chini pande zote mbili, mmoja mbele, mmoja nyuma, na anacheka. Wangu alikuwa anajifunza kuwa bega la chini katika mnara wa watoto, na wengine walipanda juu yake. Mikono yake ilikaza. Lakini nani atampa mtoto keki kwa kukanyagwa mabega?

Siku moja nilimwambia Sajenti, "Wengine wa umri wake wanapiga samasoti."

Alinitazama. "Wengine wapi?"

"Riruta."

Hilo neno lilimgusa pabaya, kwa sababu watoto wake na wa Sista walishindana kila Pasaka. Akapuliza filimbi. Akamwita binti yangu mbele ya wote, akapanga magunia mawili, akasema: kimbia, ruka, kunja magoti, usiogope. Binti yangu alinitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa.

Alikimbia, akaruka, akafika nusu. Alianguka na bega, kando ya gunia, kwenye saruji.

Hakulia mpaka tulipofika Ngara. Nilimbeba mgongoni, miguu yake mirefu ikigonga mapaja yangu, na kila nilipopanda kidogo nilisikia pumzi yake inakatika. Mfupa haukuvunjika, lakini bega lilivimba likawa jeusi.

Jirani yangu alikuwa wa kwanza kuja. Alipita kwenye pengo na karai la maji ya moto na chumvi, akakaa chini kwenye mkeka wetu, akaloweka kitambaa, akakanda lile bega polepole, huku akimsemesha mtoto Kikamba na Kiswahili vilivyochanganyika. Binti yangu akamlalia pajani, akafumba macho. Nilisimama mlangoni kwangu kama mgeni. Nilimshukuru, na midomo yangu ilikuwa mikavu. Ningetaka aje kutucheka, hapo ningejua la kufanya naye.

Alipoondoka, mtoto akafungua macho.

"Mama, mimi nataka kwenda kwa Sista."

"Nani amekuambia habari za Sista?"

"Binti wa jirani. Anasema huko wanafundishwa kuanguka kwanza. Kuanguka tu, wiki nyingi, kabla ya kuruka."

Kumbe siku zote hizi, wakati mimi napima kwa macho, wao walikuwa wanakutana nyuma ya banda la kuni. Binti wa jirani alikuwa amekwisha kumfundisha wangu mambo ambayo Sajenti hakuyajua. Hata pale nilionea wivu: kwamba walikuwa na siri, na mimi simo.

Jumamosi hiyo nilikwenda Riruta peke yangu. Nilingoja jirani atangulie, nikafuata mbali nyuma, nikapitia mashambani, nikaingia kwa mlango wa nyuma. Kilikuwa chumba cha kulia cha misheni, meza zimesukumwa ukutani. Sista alikuwa mzee, mwembamba, kanzu yake nyeupe ameifunga kiunoni kwa mkanda wa ngozi, miguuni raba za mtoto wa shule. Chini kulikuwa na magodoro ya bweni, mengi, yamewekwa mawili-mawili. Watoto wapya walikuwa wanaanguka. Mbele, nyuma, ubavuni. Alimshika kila mmoja shingo kwa kiganja, anamwambia, "Kichwa ndani. Kama kobe. Vizuri. Tena." Hakupuliza filimbi hata mara moja. Mtoto mmoja alipoogopa, alimwambia akae, anywe maji, ajaribu wiki ijayo.

Nilikaa pale mpaka mwisho, na nilitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii. Palikuwa na harufu ya kabichi, na dirisha moja limevunjika. Zaidi ya hayo sikupata. Ulikuwa ndio ukumbi mzuri kuliko zote nilizoziona, ukitoa ule wa Ngara ambao si wetu, na jirani yangu alikuwa ameupata kabla yangu bila hata kuutafuta.

Nilipoinuka nitoroke, nikasikia sauti ya jirani.

"Dada! Mbona unakaa huko nyuma? Njoo, nimekuwekea nafasi."

Alisogea kwenye benchi. Nikaenda nikakaa.

Basi binti yangu akahamia Riruta. Sikumuaga Sajenti, nilipita njia nyingine tu. Kila Jumamosi jirani na mimi tulikaa benchi moja, bega kwa bega, tukifuma. Kwa nje tulikuwa marafiki, na kwa kweli tulikuwa marafiki. Lakini kila Sista alipomwita binti yake mbele kuonyesha wengine, sindano yangu ilikosa tundu. Aliposema, "Huyu ana mwili mwepesi," nilihesabu ni tusi kwangu. Siku moja alimshika wangu kichwani akaniambia, "Huyu ana uvumilivu." Nilikwenda nyumbani nimenuna. Uvumilivu ni neno wanaloambiwa punda.

Mume wangu alikuja mara kwa mara, siku ambazo bwana na memsahib wamekula klabuni. Alikuja na nguo zake nyeupe za upishi, akakaa mwisho wa benchi, na kila binti yetu alipotua vizuri yeye alipiga makofi peke yake, kwa nguvu, mpaka Sista akageuka. Nilimkanyaga mguu anyamaze. Hakunyamaza.

Pasaka ilipofika, mashindano yalifanywa ukumbini kwa Sajenti. Niliingia nimejifunga kitambaa chini mpaka kwenye nyusi, lakini aliniona, akanisalimu vizuri tu, "Karibu, mama wa Riruta," na jasho likanitoka.

Kati ya wetu wawili, binti yangu alitangulia. Alipanda boriti nyembamba, iliyoletwa kutoka misheni pamoja na magodoro, akatembea, akageuka kwa mguu mmoja, akashuka. Kwenye magodoro alipiga ile samasoti iliyomwangusha. Aliikunja kwa uzito, haikuwa nzuri, lakini alitua kwa miguu miwili na kusimama. Mume wangu aliinuka kwenye kiti.

Kisha binti wa jirani. Alipanda boriti kama mtu anayepanda kitandani kwake. Katikati alitetemeka, mkono ukapepea, mguu ukateleza, akaanguka chini. Nami, Mungu anajua, kitu fulani kiliruka kifuani mwangu, kikaruka juu kabisa. Nikageuka kumtazama mama yake. Alikuwa amekamata ukingo wa benchi na uso umekuwa wa kijivu. Nikamshika mkono. Mkono wangu ulikuwa wa huruma, na kifua changu kilikuwa cha sikukuu, vyote kwa wakati mmoja. Binti yake alipanda tena, akamaliza.

Sasa nilikuwa na hakika. Nilianza kufikiria jinsi nitakavyotazama chini, nikiitwa, kama mtu anayeona haya.

Waamuzi walimwita mtoto mwingine kabisa. Alikuwa wa ukumbi wa Sajenti, kitoto chembamba cha miguu kama fito. Alikuwa amepita mwanzoni kabisa nasi tukiwa tunapanga viatu, hatukumtazama hata. Wa jirani akawa wa pili, wangu wa tatu. Na mama wa yule mshindi, mwuza mboga wa sokoni pale karibu, mwanamke mpana mwenye kitambaa cha manjano, alipiga vigelegele vilivyopasua masikio. Alizunguka ukumbi mzima akicheza. Alipofika mbele ya benchi letu alisimama, akatikisa mabega, akatuambia, "Riruta! Rudini mkafanye mazoezi!"

Njiani mume wangu alitangulia na watoto. Wasichana wetu walikuwa wameshikana mikono, wanacheka, wanasimuliana jinsi mmoja alivyoanguka. Sisi wawili tulifuata nyuma mpaka tukavuka mto.

"Umeona ile kitambaa?" jirani akasema.

"Nimeona. Kama ganda la ndizi."

"Na vigelegele. Mtu anafikiri kuna arusi."

"Mtoto mwenyewe hakunyoosha miguu."

"Hakunyoosha! Mimi niliona!"

Hakuna aliyekuwa ameona kitu. Lakini tulimchambua yule mwanamke kutoka kitambaa mpaka kisigino, tukamchambua mtoto wake, Sajenti na waamuzi, na kadiri tulivyopanda kilima ndivyo tulivyocheka zaidi, mpaka tukakaa kando ya barabara kufuta machozi. Sikumbuki siku nyingine tuliyopendana kama ile.

Hapo tulipokaa, akasema bila kunitazama, "Mimi nilikuwa naona wivu, dada."

"Kwa yule?"

"Kwako. Bwana yako anakuja. Anapiga makofi kama mwenda wazimu. Wangu hajaingia kwa Sista hata siku moja. Anasema ni kazi ya wanawake. Kila Jumamosi nilikuwa naomba bwana yako asije."

Ningeweza kumwambia yangu pia. Nafasi ilikuwa pale. Lakini nilifurahi mno kusikia yale maneno, nikataka kuyabeba peke yangu mpaka nyumbani. Nilimwambia, "Pole, dada," nikamwinua.

Mwaka uliofuata Mzungu wa jirani alirudi Ulaya, nyumba ikafungwa, nao wakarudi Ukambani. Wasichana walilia kwenye pengo la ua mpaka wakatapika. Binti yangu aliendelea kwa Sista hadi alipokwenda shule ya bweni. Hakuwahi kuwa wa kwanza, ila mwili wake ulijifunza kutua, na hajavunjika mfupa mpaka leo. Benchini nilikaa na mama wengine, wazuri tu, ambao sikuwa na haja ya kuwapima watoto wao.

Nilikutana na jirani mara moja tu tena, miaka mingi baadaye, mjini, nje ya duka la nguo. Tulikumbatiana mpaka watu wakatuzunguka. Aliniambia binti yake ni muuguzi, katika hospitali kubwa, anavaa mkanda wa bluu. Nilimwambia wangu ni mwalimu. Kisha nikamwuliza, nikijaribu kulifanya ni jambo la kupita tu, mkanda wa bluu maana yake ni cheo gani.